Yasmin Afika Kericho

Mwanangu wa tatu alipojifungua huko bara, ilinilazimu nifunge safari nikamlee. Arobaini haisimamiwi kwa simu. Nilipanda basi la usiku hapa Mombasa na kikapu kimoja cha nguo na viwili vya vitu vya mzazi, nikabadilisha gari Nairobi, na kesho yake alasiri nikateremka Kericho. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wenyeji wakaniambia nisistaajabu, kwani huko mvua ya alasiri ni desturi, na mara nyingine hushuka na mawe yake.

Ndugu msomaji, ikiwa hujafika pande hizo, fikiria kijani kitupu, kilima nyuma ya kilima, tangu Kericho hadi Litein, na kuvuka Kaplong hadi Bomet. Majani hayo ndiyo tunayoyachemsha sisi kwa maziwa na iliki. Hushuka kwa malori hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, na kutoka bandarini kwetu hupakiwa kwenda ng'ambo. Mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya kwa miaka mingi amekuwa Pakistan. Nalitaja hili kwa sababu msichana nitakayemweleza aliniambia jambo kuhusu safari hiyo ya majani, na sijalisahau.

Mwanangu na mumewe husomesha sekondari, njia ya Litein. Kulea mzazi kuna mambo yake, na baada ya siku kumi nikaishiwa uwatu. Bila uwatu maziwa ya mama yatatoka wapi? Nikauliza jirani, akanielekeza mjini: "Nenda kwa Muhindi."

Kwa Muhindi! Neno hili tunalitamka sote, Pwani na bara. Duka lenyewe lina jina juu ya mlango, limeandikwa kwa rangi ya buluu iliyokwisha kupauka, jina la babu wa mwenye duka wa leo. Nilisimama nje nikalisoma, nikajiuliza ni wangapi katika wanaoingia humo kila siku waliowahi kuinua macho.

Ndani, nyuma ya meza, alikaa msichana wa miaka kama kumi na saba, mtandio kichwani na sweta ya shule. Alikuwa akimhudumia bibi kizee mmoja kwa Kikipsigis, wakicheka. Akageuka akapiga kelele kwa Kigujarati kuelekea chumba cha nyuma. Kisha akanigeukia mimi: "Karibu, anti. Nikupe nini?" Nikamwambia uwatu. Hakulijua neno. Nikajaribu kueleza: mbegu ndogo, za manjano, chungu. Kabla sijamaliza, sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka chumba cha nyuma, kwa Kiswahili ambacho sikutarajia kukisikia umbali ule na bahari: "Methi huyo! Ataka methi! Kwani nani kazaa?"

Akatoka bibi mfupi, ameshika ukuta. Alikuwa mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, nyumba tatu kutoka msikitini. Aliletwa Kericho akiwa bi arusi wa miaka kumi na saba, mwaka 1968. Tangu hapo, alisema, hajapata mtu wa kumwambia "uwatu".

Nilikaa saa mbili nzima. Mzazi nyumbani akadhani nimepotea.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichukue kalamu. Juu ya meza ya duka, kando ya droo ya pesa, kulikuwa na kitabu kimefunuliwa kifudifudi. Mimi nimesomesha miaka thelathini, na kitabu kilicholala hivyo hakinipiti. Kilikuwa cha Kiingereza, *Child of Dandelions*, cha Shenaaz Nanji, kilichotoka mwaka 2008. Nikamwuliza msichana kama anajua mwandishi alizaliwa wapi. Akasema Canada. Nikamwambia hapana, Canada ndiko anakoishi. Kuzaliwa kazaliwa Mombasa. Akamwita nyanya yake tena.

Hadithi ni ya Sabine, msichana wa miaka kumi na mitano, binti wa tajiri wa Kihindi huko Uganda. Ni mwaka 1972, Idi Amin ametoa siku tisini Wahindi wawe wameondoka. Baba ana imani kwamba amri hiyo haiwahusu wao. Ami anatoweka. Na Zena, shoga yake Mwafrika, waliyekuwa kama kidole na pete, anamgeuzia mgongo. Siku zinahesabiwa, na kila siku inayokatika inaondoka na kitu: rafiki, salama, jina. Jina la kitabu latokana na ua la magugu, lile ambalo mwenye bustani huling'oa na mbegu zake zikapeperuka zikaota kwingine. Huko Canada kitabu hiki kiliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Gavana Mkuu mwaka huohuo wa 2008. Kwetu Mombasa, alikozaliwa mwandishi, sijakiona dukani hata siku moja.

Msichana alikuwa amekisoma mara tatu. Vitabu hivi hupelekewa na shangazi yake aliye Leicester, kimoja kila mwaka, siku ya kuzaliwa. Akanipandisha ghorofani akanionyesha rafu yake. Palikuwapo *Born Confused* cha Tanuja Desai Hidier, cha mwaka 2002, kuhusu Dimple, binti wa Kihindi aliyezaliwa Marekani, ambaye Marekani hajaiwa ya kutosha na Uhindi hajauwa wa kutosha. Palikuwapo *Amina's Voice* cha Hena Khan, cha mwaka 2017, kitabu cha kwanza cha kitengo cha Salaam Reads ambacho kampuni kubwa ya New York ilikianzisha kwa ajili ya watoto wa Kiislamu. Amina ni wa asili ya Pakistan, ana sauti nzuri lakini anaogopa kuimba mbele ya watu, na msikiti wao unavunjwavunjwa na watu wenye chuki. Kitabu hicho nilikiazima, nikakisoma usiku mmoja huku mjukuu akilia. Si kitabu kigumu, ni cha watoto wadogo kidogo, lakini nilifurahi kuona mtoto ndani ya riwaya anahifadhi Kurani na mwandishi haoni haja ya kumwombea radhi mtu yeyote.

Na palikuwapo kitabu cha Jess. Wengi wenu mtakuwa mmeiona filamu yake, *Bend It Like Beckham*, ya mwaka 2002. Mwongozaji wake Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi mwaka 1960, akapelekwa Uingereza angali mdogo; Narinder Dhami akaigeuza hadithi kuwa kitabu cha vijana mwaka uleule wa filamu. Jess ni binti wa Kikalasinga mjini London, anataka kucheza mpira wa miguu, na mama anataka ajue kupika. Watu hucheka sana katika filamu ile. Mimi jambo lililonigusa ni la baba. Baba yake Jess ni mtu wa Nairobi, alikuwa hodari wa kriketi huko, na alipofika Uingereza vilabu vya Waingereza vikakicheka kilemba chake, hakucheza tena. Ndiyo maana anamkataza binti. Yaani hadithi nzima ya msichana wa London imeanzia hapa kwetu.

Jambo hili lilimgusa zaidi msichana wa Kericho, kwani dirishani mwake yaonekana kuba ya hekalu la Makalasinga, jeupe, lisemwalo kuwa kubwa kuliko yote katika Afrika, ambako mtu yeyote akipita, wa dini yoyote, hupewa chakula bila kulipa. Linamkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham, ambako aliongoza jumuiya kubwa ya kidini hata alipofariki mwaka 1983. Wafuasi wake Uingereza humwita Kerichowale, yaani yule wa Kericho. Mji mdogo wa chai umegeuka jina la mtu mtakatifu katika mji wa viwanda huko Ulaya.

"Unaona, anti?" akaniambia. "Hata yeye. Ukitaka kuwa mtu wa Kericho sharti kwanza uondoke Kericho."

Nikadhani anatania. Alikuwa hatanii hata kidogo. Alikwisha kuvipanga vitabu vyake, na hesabu yake ilikuwa hii: Sabine ameondoka. Dimple na Amina wamezaliwa huko huko walikokimbilia wazazi. Jess, Kenya kwake ni hadithi ya baba akiwa na huzuni. Nikamtajia *The In-Between World of Vikram Lall*, riwaya ya watu wazima ya M. G. Vassanji ya mwaka 2003, iliyopata tuzo ya Giller, inayoanza Nakuru mwaka 1953. Humo yumo Deepa, msichana wa Kihindi anayempenda Njoroge, Mkikuyu, na mama mtu akalikataa jambo hilo katakata. Deepa ni wa hapa hapa. Akaniuliza nani anayesimulia. Nikasema kaka yake. Yuko wapi anaposimulia? Ikabidi nikiri: Canada. Nikamtajia na Iman Verjee, mzaliwa wa Kenya, ambaye riwaya yake ya mwaka 2016, *Who Will Catch Us As We Fall*, ina msichana anayerudi Nairobi kutoka Uingereza. "Huyo afadhali," akasema. "Lakini kurudi si sawa na kukaa."

Ndipo akaniambia lile la chai. Kwamba kila asubuhi akienda shule hupishana na malori yanayoshuka Mombasa, na hujua majani yale yanakwenda Karachi, karibu na kule alikotoka babu wa babu yake. "Majani yanarudi kwetu kila wiki, anti. Mimi sijawahi kufika wala sitaki. Kwetu ni hapa. Kwa nini hakuna kitabu hata kimoja cha mtu ambaye kwao ni hapa?"

Swali hilo nililala nalo. Nitawaambia jibu nililolipata, na anayeona nimekosea anisahihishe.

Hesabu ya watu ya mwaka 1962 iliwakuta Kenya Wahindi wapatao 176,000. Ile ya mwaka 2019 iliwaandika Wakenya wa asili hiyo 47,555. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna mambo ambayo wazee wetu wa barazani wanayakumbuka. Baada ya Uhuru, waliotaka uraia walipewa miaka miwili kuuomba. Wapo walioomba, wapo waliosita na kubaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kazi, na biashara yake ikawekewa mipaka ya mahali na ya bidhaa. Vidukani vya vijijini vikafungwa kimoja kimoja. Mapema mwaka 1968 ikasikika kwamba Uingereza yenyewe inataka kufunga mlango, na watu wakajazana uwanja wa ndege wa Embakasi wakiwahi. Mlango ukafungwa tarehe 1 Machi. Miaka minne baadaye ikaja ya Uganda.

Katika nyumba ya Kericho hali ilikuwa hiyo hiyo. Ndugu wawili, mmoja aliomba uraia, mwingine hakuomba. Asiyeomba alikuwa na duka upande wa Sotik. Akalifunga, akapanda ndege. Shangazi wa Leicester ni wa tumbo hilo. Aliyeomba akabaki na duka la Kericho, na mwaka uleule, wakati wenzake wanafunga mizigo, yeye akateremka Mombasa kuoa.

Sasa fikiria, msomaji, ni nani kati ya hawa wawili atakayeandika kitabu. Aliyeondoka hana jirani wa kumwuliza. Akiandika kwamba baba yake alikuwa mkali, au askari fulani alikuwa mwovu, au shoga yake alimsaliti, hatakutana nao kesho sokoni. Aliyebaki ana majirani pande zote mbili. Upande mmoja jamaa zake, wachache, wanaojuana hadi jiko, ambao posa za mabinti hutegemea lisemwalo juu ya nyumba. Upande mwingine wananchi wenzake, ambao neno moja likienda vibaya katika msimu wa uchaguzi laweza kufunga duka. Ndiyo maana rafu ya yule msichana imejaa safari. Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tunaliita sitara, na ni jambo jema, na limezika hadithi nyingi.

Hata hivyo nilikuwa na karata moja. Nikampigia mwanangu wa Mombasa, nikamwambia achukue kitabu fulani kwenye kabati langu akitie kwenye basi. Siku ya tatu kikafika, kimefungwa kwa gazeti. *Vuta N'kuvute*, cha Shafi Adam Shafi wa Unguja, kilichotoka Dar es Salaam mwaka 1999.

Kwa wasiokijua: Yasmin ni binti wa Kihindi, Mwislamu, miaka kumi na mitano, Unguja ya siku za mkoloni. Anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anachukuliwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na moyo mpana. Huko Ng'ambo anakutana na Denge, kijana mwenye siasa za kupigania uhuru. Tanzania kimesomwa na wanafunzi wa sekondari wasio na idadi, na mwaka 2021 Amil Shivji, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, akakitengenezea filamu iliyoonyeshwa hadi Toronto. Kwangu mimi Yasmin ni bora kuliko wasichana wote wa ile rafu ya Leicester. Aliandikwa na mtu asiye wa kabila lake, kwa Kiswahili, bila kumdhihaki. Katika michezo yetu mingi ya redio Muhindi ni mwenye duka bahili anayevunja Kiswahili ili tucheke. Shafi alimpa msichana wa Kihindi Kiswahili kizima na moyo mzima.

Nikampelekea, nikajua nimeshinda.

Siku mbili baadaye nikaenda kununua mdalasini. Macho yake mekundu kwa kukesha. "Kitamu, anti. Kuliko vyote." Nikatabasamu. "Lakini nina malalamiko." Nikaketi.

Akasema: "Huyu hakuondoka nchini, ameondoka nyumbani. Ili apendwe na watu wa Ng'ambo ilibidi mama yake amkatae. Wale wa shangazi wamepoteza nchi, huyu amepoteza mama. Sasa mimi niko wapi? Mimi nampenda mama yangu. Nampenda nyanya. Na Chebet wa darasa letu ni shoga yangu tangu chekechea na hajanigeuzia mgongo hata siku moja. Mbona mimi siandikiki?"

Nilisomesha miaka thelathini na sikupata kuulizwa swali kama lile. Ningeweza kumjibu kwamba riwaya huishi kwa msiba, na aliyetulia na mama yake hana riwaya. Ni kweli, lakini ni jibu la mwalimu aliyechoka. Nikamwambia basi jiandike mwenyewe.

Akanyamaza. Kisha akatoa chini ya meza, nyuma ya makopo ya mafuta, daftari la shule lenye kurasa mia mbili. Alikuwa amekwisha kuanza, kwa Kiingereza.

Hadithi yake haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya nyanya. Nayo nitaieleza, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina, na mahali pawili watatu nimepachanganya makusudi ili mtu asiende kupiga hodi.

Mwaka 1970 yule bi arusi wa Kibokoni alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi miwili. Usiku mmoja wa mvua ya mawe mlango wa duka ukagongwa. Alikuwa mwanamume wa Kikipsigis, kibarua wa shamba la chai, aliyekuwa akinunua kwao sukari na mafuta ya taa. Amebeba mtoto mchanga ndani ya koti. Mkewe amekufa kwa uzazi. Anataka maziwa ya kopo. Maziwa ya kopo yalikuwa yamekwisha na gari la bidhaa lilikuwa halijafika. Mume akasema hakuna, akaanza kufunga mlango. Yule binti wa miaka kumi na tisa akanyosha mikono akamchukua mtoto.

Alimnyonyesha miezi minne, mpaka nyanya yake upande wa Bomet alipoweza kumchukua. Maziwa hayakumtosha kwa wawili. Akawa akila uwatu kama alivyofundishwa na mama yake Mombasa.

Mnajua sheria yetu inavyosema. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kunyonya mara tano kabla ya miaka miwili kunatosha. Mtoto yule ni mwanawe, na yule wa kwanza ni ndugu yake, na kilichoharamishwa kwa damu kimeharamishwa kwa maziwa. Baba wa yule msichana, mwenye duka wa leo, ana ndugu. Ndugu huyo yu hai. Ana shamba dogo la chai upande wa Bomet, hupeleka majani yake kiwandani kama wakulima wenzake wa KTDA, ana mabinti wanne, na kila mwaka siku ya Idi hufika dukani na ndoo ya maziwa ya mursik. Watoto wa nyumba hii walikua wakimjua kama "yule mteja wa Bomet". Jamaa hawakuambiwa kamwe. Mume alikataza: watu watasema nini, mke wake amenyonyesha mtoto wa kibarua.

Msichana aliyajua haya lini? Siku niliyokuja kuulizia uwatu. Jioni ile nyanya alipopima zile mbegu kwenye kiganja akaanza kulia, na kilichofuata akakisema chote.

Baba alipoliona daftari hakugomba. Ni mtu mpole. Alisema tu kwamba ana binti mwingine mkubwa anayechumbiwa Nairobi, na hataki nyumba yake isomwe na watu. Nami nikaona ana haki. Nilikuwa pale, siku ya thelathini na tano ya arobaini yangu, nimekuja kuaga mapema, nikatamani ardhi inimeze kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia mtoto ajiandike.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele. Akazungumza na mwanawe kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Yale maziwa yalikuwa yangu. Hayakuwa ya baba yako, wala si yako. Mimi nimemsitiri baba yako miaka hamsini. Sasa yeye yuko kwa Mola wake, na mimi naelekea huko. Niende nikaulizwe, mwanao wa Bomet yuko wapi, nijibu ni mteja?"

Hakuna aliyejibu. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Kisha akanigeukia mimi: "Nawe andika huko kwenu. Watu wa Kibokoni wajue. Jina usitaje."

Mwenye duka akaingia ndani akakaa kitambo. Aliporudi alikuwa na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya mamake. Hakusema ndiyo wala hapana, na hadi nilipoondoka hakuwa amesema.

Msichana alikuwa na shida nyingine kabisa. Alikuwa amekwama ukurasa wa arobaini na kitu. "Anti, ndugu wa kunyonya kwa Kiingereza ni nani?" Nikafikiri. Nikamwambia wanaweza kusema ndugu wa maziwa, lakini kwao halina uzito, hakuna urithi wala haramu ndani yake. Msomaji wa Leicester atadhani ni mtu wa kuuza maziwa. Akacheka. Akaangalia daftari lake lote lile la Kiingereza, kurasa arobaini, mwandiko mzuri.

Akainuka, akachukua rafuni madaftari matatu mapya, akayapanga juu ya meza. Baba yake akavuta kitabu cha madeni, akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya, akaandika jina la binti yake na bei ya madaftari matatu.